Shanta la Mwanafunzi Aendaye Mlima Kenya

Kila mwaka, shule zifungwapo mwezi wa Agosti, mji mdogo wa Naro Moru hupata wageni wengi wa namna moja. Mji huo uko kando ya barabara kuu itokayo Nyeri kwenda Nanyuki, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wageni wenyewe ni wavulana na wasichana wa shule za sekondari, wenye mizigo mgongoni na kelele nyingi mdomoni. Wengine ni maskauti. Wengine ni wanachama wa vyama vya shule vya kupanda milima. Wengine wanatafuta nishani ya dhahabu ya President's Award, mpango ulioanzishwa nchini Kenya mwaka 1966, ambao humtaka kijana, pamoja na mambo mengine, asafiri kwa nguvu zake mwenyewe siku nne na kulala nje usiku tatu. Shabaha ya wote ni moja: kusimama juu ya kilele cha Lenana, chenye kimo cha meta 4,985, yaani zaidi ya futi 16,000. Vilele viwili vinavyokipita, Nelion na Batian, ni vya watu wenye kamba na ujuzi wa kupanda majabali, wala si vya wanafunzi.

Mtu akiwatazama vijana hao wakati wa adhuhuri, wakinunua ndizi kituoni, huona jua kali, vumbi, na mashati yaliyokunjwa mikono. Mlima wenyewe hauonekani. Kwa kawaida hujitokeza alfajiri na saa za kwanza za asubuhi, kisha hujifunika wingu hata jioni. Ndiyo maana mgeni huona vigumu kuamini anayoambiwa juu ya baridi. Isitoshe, mstari wa Ikweta unapita karibu na Nanyuki, na kila mtoto wa shule amefundishwa kwamba Ikweta ni mahali pa joto. Lakini hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila meta 1,000 azipandazo mtu, joto hupungua kadiri ya digrii sita na nusu. Kutoka Naro Moru hata Lenana ni karibu meta 3,000 za kupanda. Basi kama mjini ni digrii 24 saa sita mchana, kileleni saa ile ile huenda ikawa digrii nne au tano tu, bila kuhesabu upepo. Na wanafunzi hawafiki kileleni saa sita mchana. Hufika jua linapochomoza, wakati ambapo maji yaliyo katika chupa zao yameanza kuganda.

Elimu ya namna hii si ngeni katika Kenya. Shule ya kwanza ya Outward Bound ilifunguliwa Aberdovey, katika nchi ya Wales, mwaka 1941, kwa shauri la Lawrence Holt, tajiri wa meli, na Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyehamia Uingereza mwaka 1933 baada ya kutiwa gerezani na serikali ya Hitler. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, shule ya jina hilo ilikuwa imekwisha kujengwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, na vijana waliofundishwa huko walipanda hata Kibo. Mwezi wa Desemba mwaka 1963, usiku ule Kenya ilipopata Uhuru, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya taifa jipya juu ya Lenana. Tangu siku hiyo kijana wa Kenya apandapo kilele hicho hujiona anafuata nyayo za mtu wa kwao.

Nia ya mafundisho hayo ni kwamba mwanafunzi ajue kusaidiana na wenzake, avumilie, na ajipime mwenyewe mahali pasipo na kengele ya shule. Lakini mtu anayetetemeka hajifunzi lo lote isipokuwa kutetemeka. Mengi yatakayompata mlimani huwa yamekwisha kuamuliwa nyumbani, siku mbili tatu kabla ya safari, pale anapotandaza vitu vyake kitandani na kuchagua kipi kiingie katika shanta na kipi kibaki.

Mzazi mwema, asikiapo kwamba mwanawe anakwenda mahali pa baridi, humnunulia nguo mpya, na mara nyingi hapo ndipo taabu inapoanza. Humnunulia suruali nzito ya jinzi, fulana mbili tatu za pamba, na ile sweta nene ya pamba yenye kofia nyuma ambayo vijana wote huipenda. Nguo hizo ni nzuri, na Nairobi zinafaa kabisa. Lakini pamba hunywa maji kama sponji na haitaki kuyaachilia. Siku ya kwanza ya safari mwanafunzi hutembea kutoka lango la hifadhi hata Met Station, mwendo wa kilometa kama tisa au kumi katika msitu na mianzi, na kwa kuwa njia inapanda, hutoka jasho tangu mwanzo hata mwisho. Afikapo kwenye kituo, kilicho meta 3,050, fulana imemgandama mgongoni. Jua linatua, na ile fulana yenye maji inabaki mwilini. Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa mara 25 hivi; kwa hiyo kijana huyo aliyevaa nguo mpya za bei kubwa anapoteza joto kuliko mwenzake aliyevaa sweta kuukuu ya sufu.

Sufu haifanyi hivyo. Nyuzi zake zimejikunja na kushika hewa kati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi yenyewe. Hata ikilowa, hubakiza sehemu kubwa ya joto lake. Nguo za nyuzi za viwandani, hasa zile laini zenye manyoya mafupi kama ya blanketi jepesi, hazinywi maji mengi, nazo hukauka upesi zikipungwa kidogo. Ndiyo sababu viongozi wa mlimani husema mwanafunzi avae nguo tabaka tatu: karibu na ngozi fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, katikati sweta ya sufu au ya manyoya, na juu koti lisilopitisha mvua wala upepo. Koti moja nene haliwezi kushika nafasi ya nguo hizo tatu. Mwenye koti moja ana mambo mawili tu ya kuchagua, kulivaa na kulowa jasho, au kulivua na kupigwa na upepo. Bali mwenye tabaka tatu huongeza na kupunguza kadiri ya njia.

Hapa wazazi wengi hukata tamaa, maana hudhani vitu kama hivyo hupatikana katika maduka makubwa tu, kwa fedha nyingi. Sivyo. Hakuna nchi nyingi za joto ambazo mtu wa kawaida anaweza kupata nguo za theluji kwa urahisi kama Kenya, na mahali pa kuzipata ni soko la mitumba. Marobota yafunguliwayo Gikomba, Nairobi, hutoka Ulaya na Marekani, kwenye nchi zenye theluji, na ndani yake mna sweta za sufu, makoti ya kuzuia mvua, suruali za kuteleza juu ya theluji, glavu na boshori. Wanunuzi wengi hawana haja na vitu hivyo. Muuzaji huvitupa kando katika rundo lake, na huwa tayari kupunguza bei kwa yule atakayemwondolea mzigo. Mama aliyezoea kwenda soko hilo kutafuta sare za shule anaweza kumvika mwanawe kwa safari nzima ya mlima kwa gharama isiyofika ile ya suruali moja mpya ya jinzi.

Yafaa tu ajue namna ya kuchagua. Kwanza atazame kibandiko cha ndani, kinachotaja kitambaa ni cha nini. Kama kimekatwa, aguse kwa mkono, maana sufu huwasha kidogo shingoni na haina ule ubaridi wa pamba. Koti la mvua alitazame kwenye mishono: lililo zuri huwa na utepe uliobandikwa ndani juu ya kila mshono, na kama utepe umeanza kubanduka, maji yatapita hapo. Zipu aifungue na kuifunga mara tano, si mara moja. Na ukubwa usiwe wa kumbana mtoto, bali uwe wa kumwachia nafasi ya kuvaa sweta mbili chini yake. Msichana asinunuliwe koti la mapambo kwa sababu ni msichana. Upepo wa bonde la Teleki hautofautishi watu.

Lakini nguo zikipatikana sokoni, bado liko jambo lililo gumu kuliko bei, nalo ni aibu. Mwalimu huandika orodha ubaoni, wanafunzi huinakili, na kila mmoja hupeleka nyumbani. Katika nyumba nyingine orodha hiyo hutimizwa siku ile ile. Katika nyumba nyingine huwekwa juu ya kabati, kwa kuwa karo ya muhula haijalipwa, na mtoto hathubutu kuitaja tena. Siku ya safari ifikapo, huyo hawezi kusema mbele ya wenzake kwamba hana koti. Hujaza shanta lake sweta ya shule, shuka, na kitabu kimoja au viwili ili lionekane limejaa, akapanda basi pamoja na wengine akicheka. Mlimani, saa tisa ya usiku, mwalimu akimwuliza hali yake, atajibu, "Niko sawa, mwalimu." Atazidi kusema hivyo hata midomo yake ikiwa imeanza kuwa mizito.

Kupoa kwa mwili hakuji kwa kishindo. Mtu huanza kutetemeka, kisha vidole vyake hukataa kufunga vifungo, kisha hujikwaa mara kwa mara na maneno yake huchanganyika. Ikiwa atavuka hapo, kutetemeka hukoma, na wasiojua hufurahi wakidhani amepata joto, kumbe mwili umechoka kujitetea. Watu wamekufa juu ya milima katika nyuzi za joto ambazo si za kugandisha hata maji, kwa sababu ya nguo zilizolowa na upepo tu.

Kwa hiyo shule iliyo na busara haiwaachii wazazi peke yao jambo hili. Hufanya mambo mawili. Kwanza huweka ghala ndogo ya vifaa, chumba kimoja tu chenye rafu, ambamo hutunzwa makoti, sweta, glavu na mifuko ya kulalia vilivyonunuliwa kidogo kidogo au kuachwa na wanafunzi waliomaliza. Na kila aendaye mlimani huazima humo, mwenye nacho na asiye nacho, bila kuulizwa. Pili, siku moja kabla ya safari mwalimu hukagua mizigo. Kila mwanafunzi hutoa vitu vyake vyote, akaviweka chini juu ya blanketi, na mwalimu hupita akivitazama kimoja kimoja. Ukaguzi huo ufanywe kwa mtu mmoja mmoja, faraghani, wala si mbele ya kundi zima. Anayepungukiwa hupelekwa ghalani, na akitoka shanta lake linafanana na ya wenzake. Walimu wengine huona kazi hiyo ni ya kuchosha na hupenda kuwaamini vijana. Kuwaamini vijana ni jambo jema sana katika mengine yote.

Wako watakaosema kwamba watu wa zamani walipanda bila vifaa hivi. Mfano hutolewa wa wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa katika kambi ya Nanyuki. Felice Benuzzi na wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini mwezi wa Januari mwaka 1943, si kwa kutaka kukimbilia kwao bali kwa kutaka kuupanda mlima waliouona kila siku juu ya ua wa seng'enge. Shoka za barafu walizitengeneza kwa nyundo, meno ya kukanyagia barafu waliyafua kwa mabati ya takataka, na kamba zao zilikuwa za katani. Benuzzi na Balletto walifika Lenana, wakasimamisha bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe, baada ya siku 18, wakatiwa katika chumba cha adhabu. Hadithi hiyo ni ya kweli na inapendeza kusimuliwa usiku hemani. Lakini anayeitumia kama hoja asahau si mambo mawili: kwamba wale walikuwa watu wazima, ambao wawili kati yao, Benuzzi na Balletto, walikuwa wamekwisha kupanda milima kabla ya vita, na kwamba walijiandaa kwa miezi mingi, wakishona, wakifua chuma na kuweka akiba ya chakula. Hata hivyo walirudi na njaa kali. Hao hawakwenda mlimani bila vifaa. Walikwenda na vile walivyovitengeneza kwa mikono yao.

Baada ya nguo, miguu. Juu ya Met Station miti humalizika na njia huingia katika kinamasi chenye mteremko, ambacho wapanda mlima wamekiogopa tangu zamani. Majani yake yamesimama mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu mna tope jeusi la kuzamisha mguu hata goti. Wapagazi wa Naro Moru, ambao hupita hapo mara nyingi kila mwezi, huvaa gambuti za mpira, na aonaye hivyo apime mwenyewe nani ajuaye zaidi, wao au kitabu. Neno la kweli ni kwamba gambuti hufaa kinamasini na hazifai juu ya mawe, kwa kuwa hazikamati kifundo cha mguu na hazishiki joto. Mwanafunzi apatapo buti za ngozi zenye soli ya meno zinamtosha kwa safari yote. Ila zisiwe mpya. Buti mpya mlimani ni malengelenge siku ya kwanza na kuchechemea siku ya pili. Zivaliwe shuleni na njiani majuma matatu kabla ya safari hata zilainike. Raba za michezo zaweza kumfikisha mtu Mackinder's Camp wakati wa kiangazi, lakini kupita hapo usiku, juu ya changarawe na theluji, ni kujitakia shida. Soksi ziwe jozi nne: mbili za kutembelea, moja ya akiba, na moja nene ya sufu isiyovaliwa kamwe ila ndani ya mfuko wa kulalia. Jozi hiyo ya mwisho ni amana.

Kichwa na mikono visisahauliwe. Boshori ya sufu inayofunika masikio huchukua nafasi ndogo kuliko kitu kingine cho chote shantani, na huleta faraja kubwa. Mchana itahitajika kofia yenye ukingo, na miwani ya jua pia, maana huko juu hewa ni nyepesi na jua huunguza ngozi nyeusi na nyeupe. Nuru ikirudishwa na theluji huumiza macho hata yakatoka machozi siku nzima.

Mfuko wa kulalia uwe wa baridi kweli. Mfuko mwembamba wa kulalia watoto nyumbani haufai katika Mackinder's Camp, meta 4,200, ambako asubuhi sakitu hutanda juu ya mahema kama chumvi. Asiyepata mzuri aweza kutia mmoja ndani ya mwingine, au kuongeza blanketi la sufu. Chini yake hapana budi kuwe na mkeka wa sponji. Wengi huuacha mkeka kwa kuwa ni mkubwa kubeba, wasijue kwamba ardhi huiba joto kuliko hewa. Mtu aliyelala juu ya udongo mtupu huamka na baridi ya ubavuni hata kama amejifunika mara tatu.

Jambo moja limebadilika, na walimu wa zamani yafaa walijue. Zamani kila orodha ilisema shanta litandikwe ndani mfuko mkubwa wa plastiki ili mvua isifike kwenye nguo. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji, sahani na vikombe vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, Mlima Kenya ukiwa mojawapo. Mwanafunzi afikaye langoni na katoni ya chupa za maji atajiletea usumbufu yeye na wenzake. Badala yake abebe chupa mbili za kudumu, za bati au za plastiki ngumu, zenye lita tatu kwa jumla. Na badala ya mfuko wa plastiki, mafundi cherehani wa mitaani wanaweza kushona mfuko kwa turubai jepesi, au kwa kitambaa cha hema lililochakaa, wenye mdomo mrefu wa kukunjwa mara tatu na kufungwa. Mfuko huo hudumu miaka mingi.

Kupanga vitu ni kazi ya nusu saa, na afadhali ifanywe mchana. Mfuko wa kulalia huingia kwanza, chini kabisa, kwa sababu hautatakiwa mpaka usiku. Juu yake nguo kavu za usiku. Vitu vizito, kama vile chakula na sufuria, hukaa katikati karibu na mgongo. Vikiwekwa nje huvuta mtu nyuma, na vikiwekwa juu kabisa humwangusha kinamasini. Koti la mvua liwe juu ya vyote, pamoja na chakula cha njiani, kwa maana mvua ya mlima haingoji mtu afungue shanta lote. Tochi ya kufungwa kichwani, betri za akiba, filimbi, plasta na dawa huwekwa katika mifuko ya pembeni, na kila mwanafunzi ajue viko wapi hata gizani. Kisha mzigo upimwe. Viongozi wengi hawapendi kijana abebe zaidi ya robo ya uzito wake. Mwenye kilo 50 basi asipite kilo 12 hivi. Hapo ndipo vitabu, manukato na jozi ya pili ya suruali hutolewa nje huku mwenyewe akilalamika.

Chakula hakina maneno mengi. Unga, mchele, maharagwe yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa, sukari, majani ya chai, njugu. Kuni hazikatwi hifadhini, kwa hiyo hapana budi kubeba jiko na mafuta yake. Na chakula kisiachwe wazi Mackinder's Camp, kwa sababu pimbi wa huko wamezoea watu, nao hufungua mfuko wa mkate kwa ustadi wa ajabu.

Faida ya matayarisho yote huonekana usiku wa tatu. Saa nane au saa tisa ya usiku kiongozi hupita akiamsha mahema. Wenye mazoea mema walilala na nguo zao za kilele ndani ya mfuko wa kulalia, zikawa na joto. Wengine huvaa suruali zilizokakamaa kama ubao. Safu huondoka polepole, taa moja nyuma ya nyingine, ikipanda changarawe inayorudisha mguu nyuma nusu ya kila hatua. Mwanzoni ni vema kila mtu ahisi baridi kidogo, maana anayeanza na joto atatoka jasho baada ya dakika kumi. Sweta nene hubaki shantani mpaka mapumziko ya kwanza; hapo huvaliwa mara moja, kabla baridi haijaingia, na huvuliwa tena kabla ya kuondoka. Saa kumi na mbili kasoro hufika Austrian Hut, meta 4,790, ambapo pana kibanda na upepo usiokoma. Chini yake iko barafu ya Lewis, ambayo imesinyaa sana tangu Halford Mackinder alipofika huko mwaka 1899. Kutoka hapo Lenana si mbali.

Liko jambo moja ambalo nguo haziwezi kulitibu, nalo ni kimo chenyewe. Mwanafunzi aweza kuwa amevaa vizuri kuliko wote, na bado akashikwa na kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu kwa kukosa hewa ya kutosha. Akianza kupepesuka au kukohoa na kukosa pumzi hali amekaa, dawa ni kushuka, usiku huo huo, pamoja na mtu wa kumwongoza. Mwalimu asimwambie ajikaze. Ratiba ifaayo hulala siku mbili kabla ya kupanda kilele, na kama kundi lina siku ya ziada, itumiwe kupumzika Mackinder's Camp kuliko kuzurura Nanyuki baadaye.

Wakati wa likizo ya Aprili shule nyingine hupenda kwenda, kwa kuwa wanafunzi wako huru. Hiyo ni katikati ya masika. Kinamasi hujaa, mahema hayakauki, na ile orodha ya nguo iliyotosha Agosti haitoshi tena. Afadhali kungoja.

Kundi lirudipo Naro Moru, tope limekauka kwenye suruali na nyuso zimeunguzwa na jua. Vijana hutupa mashanta juu ya basi na kulala njia nzima hata Nairobi. Kazi ya mwalimu, hata hivyo, haijaisha. Kesho yake mahema hutandazwa juu ya nyasi za uwanja wa mpira, mifuko ya kulalia hutundikwa uani siku mbili, buti husuguliwa tope na kupakwa mafuta, na glavu huhesabiwa jozi kwa jozi, maana daima moja hupotea. Kila kilichochanika huandikwa katika daftari la ghala na kupelekwa kwa fundi kabla hakijawekwa rafuni, ili mwanafunzi wa muhula ujao atakayekuja kuazima akikute kiko tayari.